Gata la katikati linamwaga maji ndani ya ghala

SWALI: Ghala letu lina mapaa mawili yanayokutana kwenye gata moja la mita 40. Mvua kubwa ikinyesha, maji hufurika ndani. Fundi amepaka silikoni mara tatu. Tufanyeje?

JIBU: Silikoni si dawa hapa. Piga hesabu kwanza: tuseme mita za mraba 800 za paa, mvua ya milimita 100 kwa saa, ni kama lita 22 kila sekunde. Bomba la kushushia maji lenye kipenyo cha milimita 100 hupokea takriban lita 5 kwa sekunde, maana kinachobana ni tundu la juu, wala si urefu wa bomba. Mkiwa na mabomba mawili tu, lazima yafurike! Ongezeni yafike matano au sita, kila tundu liwe na kijisanduku cha kukusanyia maji.

Viungo navyo hupasuka kwa joto: chuma cha mita 40 hurefuka karibu sentimita 2 joto likipanda nyuzi 40. Likateni gata katikati, muache nafasi yenye kifuniko, kila nusu iinamie upande wake milimita 5 kwa mita.

Tafadhali, tobolea tundu la dharura kwenye ncha zote, chini kidogo ya ukingo wa gata. Majani yakiziba, maji yatamwagikia nje, na mtayaona.