Beetle iliyosimama miaka mingi: usianze na breki shuu

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba Volkswagen Beetle yako ya miaka ya 1960 imesimama bandani miaka sita, kwamba sasa ukikanyaga breki gari linavuta kushoto, na kwamba fundi amekushauri ubadilishe breki shuu (vipande vinavyobana dramu, yaani ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu) na kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki. Nakuomba umzuie kwanza. Mimi nilifuata ushauri wa namna hiyohiyo kwa gari langu la mwaka 1965, na nusura niliache kwenye kona za Lushoto.

Gari langu lilikuwa limekaa Tanga, karibu na bahari, likiendeshwa siku za sikukuu tu. Nilibadilisha shuu zote nane, tukatoa upepo mara tatu, pedali ikawa ngumu, nami nikaridhika. Wiki chache baadaye, nikishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, nilisikia harufu ya kitu kinachoungua upande wa mbele kulia. Kabla sijafika Soni pedali ilianza kuzama, kisha ikagusa sakafu bila upinzani wowote. Beetle za wakati huo zina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo hitilafu ya gurudumu moja huwa ni ya gari zima. Kilichonisaidia ni gia ya pili na breki ya mkono, ambayo huvuta magurudumu ya nyuma kwa nyaya na haitegemei mafuta. Baada ya muda dramu ilipoa na pedali ikarudi kana kwamba hakuna kilichotokea, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakawasha gari na kuendelea na safari.

Chanzo nilikiona siku mbili baadaye, nilipoupasua kwa kisu mpira wa breki wa gurudumu lile, yaani bomba la mpira linalopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. Kwa nje ulikuwa mweusi na mzima. Kwa ndani ulikuwa umevimba hata sindano ya kushonea ilipita kwa shida. Mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite kwenye tundu hilo, lakini springi za shuu hazina nguvu ya kuyarudisha, hivyo shuu hubaki zimeigusa dramu, dramu hupata moto, na mafuta huchemka. Tena mafuta yenyewe yalitoka na rangi ya kahawa. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa: ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 155. Mvuke hubanwa, mafuta hayabanwi. Ndiyo maana pedali huzama.

Kipimo ni rahisi. Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara, mwenzako akanyage pedali na kuiachia, kisha uzungushe gurudumu. Likikaza, legeza skrubu ya kutolea upepo. Lisipoachia hata hapo, tatizo ni pistoni iliyoshikwa na kutu, springi, au shuu zilizobanwa kupita kiasi. Likiachia, kaza skrubu, rudia zoezi, na safari hii legeza kiungo cha bomba la chuma kabla ya mpira: gurudumu likibaki limekaza, mpira ndio mbovu. Yakikaza yote manne kwa pamoja, tazama kijiti kinachotoka kwenye pedali kwenda masta silinda (pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki), kwa sababu kisipoachiwa nafasi ya takribani milimita 1 huziba tundu la kurudishia mafuta.

Silinda za magurudumu, zenye pistoni zinazosukuma shuu, nazo usizihukumu kwa nje. Inua kifuniko cha raba cha pembeni. Ukikuta unyevu au vishimo vya kutu, nunua mpya, maana raba mpya ndani ya silinda yenye vishimo hudumu miezi tu. Na usikubali kamwe zisafishwe kwa petroli au mafuta ya taa, desturi ambayo nimeikuta gereji nyingi, kwa kuwa mafuta ya jamii hiyo huvimbisha raba. Tumia spiriti au mafuta ya breki yenyewe. (Wapo wanaosifu mafuta ya silikoni, DOT 5, hayachanganyiki na haya mengine, na kwa gari linaloendeshwa sioni faida yake.)

Mipira ya breki iko minne, miwili mbele na miwili nyuma, nayo hubadilishwa yote. Kwa kuwa gari lako huvuta kushoto wakati wa kukanyaga, breki ya kulia ndiyo inayochelewa, basi anza kupima gurudumu la mbele kulia. Ukifika la kushoto, kumbuka kwamba nati ya ekseli yake ina uzi wa kinyume, hufunguka kwa kuzungushwa kulia.