Maswali ya Wasomaji: Sheria ilikataza, mbona tulilipa?

Swali: Ndugu Mhariri, sheria ya mwaka 2017 ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili inakataza migogoro ya maliasili kupelekwa kwenye mahakama au mabaraza ya nje. Imekuwaje Serikali ikalipa kampuni za madini zilizoshitaki nje?
*Mwanafunzi wa sheria, Ng'ong'ona, Dodoma*

Jibu: Kwa sababu kampuni hizo hazikuegemea sheria ya Bunge. Zilishika mikataba ya nchi na nchi ya kulinda uwekezaji, kama ule wa Tanzania na Uingereza wa 1994 au ule wa Kanada wa 2013. Ridhaa ya kwenda kwenye usuluhishi imo humo humo, na mbele ya wasuluhishi wa kimataifa nchi haiwezi kujikinga kwa sheria yake ya ndani. Kujitoa kwenye mkataba nako hakumalizi wajibu mara moja: mkataba wetu na Uholanzi ulikoma Aprili 2019, lakini uwekezaji uliofanyika kabla ya hapo unalindwa miaka 15 zaidi.

Chukua kesi ya mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea. Kanuni za Januari 2018 zilifuta leseni hodhi zote (leseni za kushikilia eneo la madini kabla ya kuanza kuchimba), pasipo fidia. Kampuni mama, Indiana Resources, ni ya Australia, ila miongoni mwa walalamikaji zimo kampuni zilizosajiliwa Uingereza, na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kwa hiyo, anayepitia faili la leseni asiishie kwenye jina la mwombaji. Afuate wanahisa hadi juu na aone wamesajiliwa wapi.

Julai 2023 wasuluhishi wa ICSID, kituo cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia huko Washington, waliamuru tulipe zaidi ya dola milioni 109. Serikali iliomba tuzo, yaani uamuzi huo wa wasuluhishi, ibatilishwe. Wengi hudhani hiyo ni rufaa. Sivyo. Ombi hupelekwa ndani ya siku 120, na sababu zinazokubalika ni tano tu, mfano baraza kuvuka mamlaka yake waziwazi au kutotoa sababu za uamuzi. Wasuluhishi wakikosea kutafsiri sheria, kosa hilo peke yake halitoshi. Julai 2024 pande mbili zilikubaliana dola milioni 90. Winshear ya Kanada, iliyokuwa na mradi wa dhahabu Songwe, ilimaliza kesi yake kwa dola milioni 30 mwaka 2023.

Kwa maoni yetu, fedha hupotea mapema kuliko watu wanavyodhani. Kabla ya kushitaki, mwekezaji huandika notisi, na mara nyingi mkataba huweka miezi sita ya mazungumzo. Barua hiyo ikilala kwenye faili la wizara, nafasi ya bei nafuu imekwenda. Ifike kwa Wakili Mkuu wa Serikali siku hiyo hiyo, ikiwa na leseni, mihtasari ya vikao na barua zote, kwa sababu baraza huweza kuamuru nyaraka zitolewe.

Swali: Nina leseni ndogo ya uchimbaji Winza, Mpwapwa, na jirani ameingia eneo langu. Naweza kwenda huko ICSID?
*Mchimbaji*

Jibu: Hapana, ndugu. ICSID ni ya mgogoro kati ya nchi na mwekezaji wa nchi nyingine, na leseni yako hupewa Watanzania tu. Peleka lalamiko la maandishi kwa Afisa Madini Mkazi, Dodoma, ukiambatisha nakala ya leseni, risiti za ada na vipimo vya GPS vya pembe zote za eneo. Tume ya Madini ikiamua na usiridhike, rufaa ni Mahakama Kuu.