Maziwa Hayakuwa Adui: Nilivyokosea Kula Baada ya Jiwe la Kwanza la Figo

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa msomaji, mama wa watoto watatu anayeishi Mwanza, akinieleza kwamba amepimwa na kukutwa na jiwe katika figo ya kulia, na kwamba tangu siku hiyo ameacha maziwa, mtindi na dagaa kwa sababu jirani amemwambia kuwa mawe hayo hutengenezwa na kalsiamu. Niliusoma ujumbe huo mara mbili na moyo ukaniuma, kwa kuwa kosa analolifanya ndilo nililolifanya mimi, nami nililipia kwa jiwe la pili lililokuwa kubwa kuliko la kwanza mara mbili.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiingia darasani asubuhi na kufululiza vipindi hadi saa nane mchana bila kunywa maji, tena kwa makusudi, maana choo cha walimu kilikuwa mbali na sikutaka kukatisha somo. Saa nne nilikunywa chai ya rangi iliyokolea, nikala mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa chumvi na pilipili, pengine na karanga, kisha nikarudi kazini. Januari na Februari, kaskazi inapovuma na joto kupamba moto, shati langu lililowa jasho kabla ya kipindi cha tatu. Mkojo wangu ulikuwa na rangi ya ile chai, nami niliamini kwamba ndivyo ulivyo mkojo wa mtu wa mwambao.

Maumivu yalinianza usiku mmoja wa Februari 2019. Yalichomoza nyuma, chini ya mbavu, yakateremka hadi kwenye kinena, yakawa yanakuja na kupungua kama mawimbi, na kila yalipopanda sikuweza kulala, kukaa wala kusimama. Picha niliyopigwa hospitalini ilionyesha jiwe la milimita 4 lililokwama katika mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni. Daktari alinieleza kwamba mawe ya ukubwa huo mara nyingi hutoka yenyewe, akanipa dawa ya maumivu na kunitaka niwe nikikojoa kupitia chujio. Siku ya sita lilitoka, chembe ya kahawia yenye ncha kama mchanga wa ufukweni. Maabara ilisema ni kalsiamu oksaleti, yaani kalsiamu iliyoshikana na oksaleti, kemikali ya asili iliyomo katika mimea mingi, na ndiyo aina inayopatikana zaidi kuliko nyingine zote.

Niliporudi kazini nilikuta barua inayonitaka nijieleze kwa nini sikufika kwa siku nane, na mkubwa wangu mmoja akasema mbele ya walimu wenzangu kwamba mtu mzima halazwi hospitalini kwa ajili ya mkojo. Miaka imepita, lakini neno lile bado linaniuma kila nilikumbukapo, na ndiyo sababu sipendi mgonjwa wa ugonjwa huu aonekane mzembe au mwongo.

Katika maelezo yote ya daktari, mimi niliondoka na neno moja tu, kalsiamu, nikajitungia tiba yangu mwenyewe. Niliacha maziwa kabisa. Chai ya maziwa ya jioni niliigeuza kuwa ya rangi, mtindi nikauhamishia kwa watoto, na ili niwe na afya nikawa nakula mchicha wa karanga karibu kila siku. Mwaka 2020, watu wengi walipokuwa wakinunua vidonge vya vitamini C kwa hofu ya korona, mimi nilimeza kimoja cha gramu nzima kila asubuhi. Nilijiona mtu anayejitunza kuliko wote pale shuleni. Agosti 2021 nilipatikana na jiwe la milimita 9, na hilo halikutoka lenyewe. Lilitolewa kwa kifaa kilichopitishwa njia ya mkojo na kupasuliwa kwa miale ya leza.

Daktari bingwa aliyenitibu safari hiyo alinikalisha akaniuliza ninakula nini, swali ambalo sikuwahi kuulizwa. Nilipomaliza kumweleza alinifafanulia jambo ambalo nataka kila anayesoma hapa alielewe. Mchicha, spinachi, karanga, korosho, viazi vitamu na chai iliyokolea vina oksaleti. Ukila vyakula hivyo pamoja na maziwa au mtindi, kalsiamu hukutana na oksaleti humo humo tumboni, vikashikana na kutoka pamoja na choo. Ukiondoa maziwa, oksaleti huingia kwenye damu bila kizuizi, ikafika kwenye figo na kukutana na kalsiamu huko, mahali ambapo hatutaki vikutane. Vile vidonge nilivyokuwa nikimeza viliongeza mzigo, kwa kuwa mwili hugeuza sehemu ya vitamini C kuwa oksaleti. Watafiti wa Italia waliofuatilia wanaume 120 kwa miaka 5, na kuchapisha matokeo mwaka 2002, waliwaambia nusu yao wapunguze kalsiamu, na nusu nyingine wale kalsiamu ya kawaida lakini wapunguze nyama na chumvi. Katika kundi la kwanza la watu 60, mawe yaliwarudia 23. Katika la pili, 12.

Kisha alinipa kazi ya kukusanya mkojo wa siku nzima katika chupa, kuanzia asubuhi hadi asubuhi. Nilipata mililita 900. Anayetengeneza mawe anatakiwa kupata angalau lita 2.5 za mkojo, na kwa joto la Tanga maana yake ni kunywa zaidi ya lita 3 za maji, kwa sababu sehemu kubwa hutoka kwa jasho. Tangu hapo chupa haikosekani juu ya meza yangu darasani, nanywa glasi moja kabla ya kulala, na nikiamka usiku kwenda haja nanywa tena. Nimekwisha kuomba ruhusa katikati ya kipindi mara nyingi, wala sioni haya, na ninawaambia walimu, madereva na mama zangu wa sokoni wanaojinyima maji kwa kuogopa kutafuta choo kwamba wanajidhulumu. Kunyweni maji. Nitalirudia neno hili hadi mnichoke.

Chumvi nayo tunaidharau. Figo inapotoa chumvi ya ziada hutoa na kalsiamu pamoja nayo, kwa hiyo anayekula chumvi nyingi hujaza kalsiamu kwenye mkojo hata kama hajaonja maziwa. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na humo ihesabiwe ile ya mkate, ya vidonge vya kukolezea mchuzi na ya samaki wa ng'onda. Magadi tunayotia kwenye maharage yana sodiamu ile ile iliyomo katika chumvi. Nyumbani tumeyaacha, maharage tunayaloweka usiku kucha na yanaiva. Mchicha sikuuacha, bali tunauchemsha, tunamwaga maji yake, na ninaula na bakuli la mtindi. Nyama nimeipunguza, na ndimu ninazikamulia kwenye maji ya kunywa kwa sababu zina sitireti, ambayo huzuia chembe za kalsiamu zisigandamane.

Picha niliyopigwa mwezi uliopita imeonyesha figo zote mbili ni safi, na tangu lile la 2021 sijapata jiwe jingine. Najivunia jambo hili, kwa kuwa ni kazi ya kila siku na hakuna aliyeifanya kwa niaba yangu. Wanaouza mizizi ya kuyeyusha mawe wameniandama miaka yote hii, lakini jiwe la kalsiamu oksaleti likishaganda haliyeyuki kwa kinywaji. Na maumivu ya ubavu yakiambatana na homa, au mkojo ukikatika, usikae nyumbani kusubiri; nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Dada yangu wa Mwanza, rudia maziwa na mtindi wako, glasi mbili au tatu kwa siku pamoja na chakula, kisha umuulize daktari jiwe lako ni la aina gani. Kama ni la kalsiamu kama langu, dagaa wako wa ziwani wasiotiwa chumvi unaweza kuwala kwa kiasi. Kama ni la asidi ya yuriki, yaani taka ambayo mwili huitengeneza kutokana na vyakula kama nyama, maziwa hayatakudhuru, lakini dagaa, maini na supu ya nyama itakubidi uvipunguze sana, na mawe ya aina hiyo yana dawa ya hospitali inayoweza kuyayeyusha.