Kazi za roketi na "mtu wa Marekani"

Mdogo wangu wa Iyunga, umeuliza kama viza ya H-1B, ya kazi za kitaalamu Marekani, inatosha kwa kazi ya uhandisi wa roketi. Haitoshi. Kanuni za Marekani za ITAR, zinazobana teknolojia ya kijeshi, roketi zikiwemo, zinamhesabu kuwa "mtu wa Marekani" raia, mwenye grini kadi, mkimbizi aliyepokelewa rasmi au aliyepewa hifadhi. Wa H-1B ni mgeni hata akikaa Texas miaka sita. Kumfungulia mchoro mmoja wa injini kwenye kompyuta ya ofisini ni sawa na kuusafirisha nje ya nchi, kwa hiyo mwajiri aombe leseni kwanza. Fomu I-129, anayoijaza kumwombea mgeni kazi ya H-1B, sehemu ya 6, inamtaka atamke kama leseni inahitajika. Wengi hawana subira hiyo, wanaliruka jina lako.

Programu za kawaida za biashara ziko chini ya EAR, kanuni nyingine za Marekani zinazosimamia bidhaa za kawaida zinazouzwa nje, na nyingi hazidai leseni kwa Mtanzania. Tuma maombi huko. Ila tangazo likisema "raia tu" bila sheria au mkataba wa serikali unaolazimisha hivyo, mwajiri ndiye anayekosea, maana sheria inamlinda na mkimbizi aliyepokelewa asibaguliwe kwa uraia. Ukifanyia kazi Mbeya, mchoro unaotumwa kwako kutoka Marekani kwa barua pepe ni usafirishaji halisi kabisa.