Je, Umoja ni Kusali kwa Namna Moja?

SWALI: Mchungaji, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya ibada katika chuo kikuu kimoja cha Kikristo hapa Tanzania, chenye Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste na Wasabato. Kila Jumatano jioni tunaabudu pamoja, na karibu kila mara tunaishia kununiana. Juma lililopita msomaji wa Neno alisalimu kwa salamu ya Kikatoliki, "Tumsifu Yesu Kristo," wakaitikia "Milele na milele, amina" watu wa safu mbili tu. Ukumbi uliobaki ulinyamaza. Sasa wapo wanaotaka ibada isiyo na alama ya dhehebu lolote. Je, huo ndio umoja?

Mwanafunzi, mwaka wa pili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kimya hicho kimeniuma, kwa kuwa mtu aliyetoa salamu ya nyumbani kwao akakosa wa kumwitikia hurudi kwenye kiti chake akijiona mgeni kati ya ndugu zake. Hata hivyo, siafiki ibada isiyo na alama, kwa maana mmoja ataacha liturujia yake, yaani utaratibu wa ibada ulioandikwa, mwingine ataacha maombi ya sauti, na kitakachobaki hakitamlisha yeyote. Peaneni zamu: juma moja Walutheri waongoze kwa utaratibu wao mzima, linalofuata waongoze Wapentekoste, na wengine wote wafike wakiwa wameelezwa mapema namna ya kuitikia na sababu yake. Katika Chuo cha Mtakatifu Paulo, Limuru, nchini Kenya, ambacho leo ni chuo kikuu, Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti wameandaa wachungaji wao pamoja tangu miaka ya 1950, na Mpresbiteri hakuingia humo ili atoke Mwanglikana.

Jambo la Meza ya Bwana, yaani kula mkate na kunywa kikombe cha Bwana pamoja, msilifiche. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu, jambo lililowatenga tangu karne ya 16, lakini mpaka leo makanisa hayo hayajafikia kushiriki meza moja. Kwa hiyo ibada yenu ya Jumatano iwe ya Neno na sala, na asilaumiwe anayetii kanisa lake.

Zamu hazitamsaidia Msabato aliyepangiwa mtihani Jumamosi, siku yake ya Sabato. Paulo, katika Warumi 14, anakubali kwamba mmoja huitofautisha siku na mwingine huziona zote sawa, kisha anawakataza wote wawili kuhukumiana. Kamati yenu iuombe uongozi wa chuo kuibadilisha siku ya mtihani huo, na ningependa sana msemaji wenu awe Mlutheri au Mkatoliki, ili ionekane kwamba mzigo wa wachache umebebwa na walio wengi.

Hukuniambia wewe unasali kanisa gani. Ikiwa si Mkatoliki, Jumatano ijayo salamu ile ikitolewa, itikia kwa sauti, ukiwa umekaa safu ya nyuma.