Maswali ya Ujenzi: Andikeni Kabla Jembe Halijagusa Msingi

Assalaam alaykum. Safari hii karibu maswali yote yanahusu kuongeza: chumba uani, ukumbi mbele, ghorofa juu. Watoto wanakua, kijana anaoa, mama mzee anarudi kukaa na mwanawe, na nyumba ni ile ile. Naanza na lile ninaloletewa kila mwezi.

Chumba kimoja cha kuongeza kinagharimu kiasi gani? (Msomaji, Fuoni)

Umeuliza bila urefu, bila upana, bila kusema kiwanja ni cha mawe au cha kifusi. Nimeshaomba mara nyingi: leteni vipimo. Hesabu yenyewe si ngumu. Matofali ya inchi 18 kwa 9 huingia karibu kumi katika mita moja ya mraba ya ukuta, ukihesabu na yatakayovunjika. Chumba cha mita 4 kwa 3 kilichoegemea nyumba ya zamani kina kuta tatu mpya, jumla mita 10. Ukipandisha mita 3 unapata mita za mraba 30. Toa mlango na dirisha, shika 27. Hayo ni matofali 270, na msingi hujaugusa, wala paa. Nenda na karatasi yako dukani ukaulize bei ya wiki hii, achana na ile aliyokutajia shemeji yako mwaka jana. Na fundi anayekupa bei ya "chumba" kwa simu, hajafika na tepu, huyo anakutegea chambo.

Baba yetu alifariki, nyumba haijagawiwa. Nimejenga vyumba viwili uani kwa fedha zangu, ndugu zangu wakiona. Sasa dada zangu wanataka nyumba iuzwe kila mtu apate chake. Vile vyumba si vyangu? (Msomaji, Jang'ombe)

Ndugu yangu, swali lako linaniuma kuliko yote, maana nimeliona likivunja nyumba za watu wengi. Baba anapofumba macho, kila mrithi ana sehemu yake katika kila shubiri ya kile kiwanja: mama thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, mtoto wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Hapo uani hapana pembe iliyo yako peke yako mpaka mirathi igawiwe. "Wakiona" haitoshi. Mbele ya Kadhi utaulizwa nani alikuruhusu, na kwa sharti gani. Uliwajengea wote kwa hisani? Uliwakopesha warithi wenzako? Au ulijenga cha kwako juu ya ardhi ya watu? Kila jibu lina hukumu yake, na kwa ulivyoandika huna hata mstari mmoja wa kuthibitisha lolote kati ya hayo.

Fanya hivi. Kusanya risiti zote. Mtafute fundi aliyejenga, awe shahidi. Kaeni na dada zako mbele ya mtu mzima mnayemuamini, mlete mthamini aseme nyumba ina thamani gani bila vile vyumba na ina thamani gani navyo. Tofauti ile ndiyo ya kuzungumza, na mkikubaliana, muandike na kusaini wote, pamoja na mama kama yu hai.

Tena nakuomba usiwaone dada zako maadui. Wanadai walichopewa na Qur'ani. Nimechoka kuona wanawake wakiambiwa wasubiri miaka kumi, ishirini, huku kaka anaongeza chumba leo, kesho choo, keshokutwa anapangisha, na kodi haijulikani inakwenda wapi. Kama ulipangisha, ile kodi nayo ilete mezani.

Niliwahi kukaa na familia moja Makadara kwa jambo kama hili. Kaka mkubwa alileta kopo la biskuti limejaa risiti. Alizitoa moja moja akazipanga juu ya mkeka, nyeupe tupu, wino wote umefutika kwa joto. Iliyosomeka ilikuwa moja tu, ya kilo mbili za misumari. Yule bwana alilia. Zipigeni picha risiti zenu siku ile ile. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inatuamrisha tuandike deni na tuweke mashahidi. Tunaihifadhi tangu chuo cha Qur'ani, kisha tunajenga kwa maneno ya mdomo.

Naweza kuweka ghorofa juu ya nyumba yangu ya matofali ya inchi 5 isiyo na nguzo? (Msomaji, Mwera)

Hapana. Na fundi aliyekwambia "tutatia nondo nyingi" usimruhusu kupanda juu ya paa lako.

Mimi mwalimu wa skuli, naogopa riba, nimeomba murabaha. Benki wanasema hawanipi fedha mkononi, wananunua vifaa wao. Mbona usumbufu? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Mwalimu, huo unaouita usumbufu ndiyo murabaha yenyewe. Benki inanunua saruji, nondo na mabati, inavimiliki, kisha inakuuzia kwa faida unayoijua tangu mwanzo, nawe unalipa kidogo kidogo. Ikikupa fedha taslimu na kudai zaidi, umerudi kule kule unakokukimbia. Zipo benki kadhaa zenye huduma hii, Benki ya Watu wa Zanzibar ikiwemo, kwa hiyo zunguka, linganisha jumla ya utakacholipa mpaka mwisho. Wengi wanaangalia makato ya mwezi tu.

Taabu zake nakubali zipo, ujipange nazo. Kwanza, fedha za fundi na vibarua mara nyingi hazimo. Nimeona vifaa vya thamani vikilala uani mwaka mzima kwa sababu mwenye nyumba hana ujira. Pili, usikubali saruji yote iletwe siku moja. Kwa unyevu wa kisiwa hiki, mfuko uliokaa miezi mitatu bandani utaufungua ukute mabonge, na deni lake bado unalipa. Omba iletwe kwa awamu: ya msingi, ya kuta, ya plasta. Tatu, wapo wanaokubaliana na mwenye duka awarudishie fedha kwa bei ya chini badala ya vifaa. Hiyo ni hila. Unabaki na deni kubwa, fedha pungufu, na ile riba umeivalisha kanzu.

Na jambo hukuuliza: karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na sheha, kiongozi wa mtaa, haiwi hati. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na haki ya kuitumia inatolewa na Serikali. Kama huna hati, anza kuifuatilia leo, kabla hujahitaji kuweka nyumba rehani.

Mchanga umekuwa shida na ghali. Huku kwetu pwani upo mwingi, tuuchukue? (Msomaji, Nungwi)

Usichukue. Ni kosa kisheria, na pwani inayochimbwa inaliwa na bahari. Nyumba nayo utaiua, maana chumvi inaingia kwenye zege, nondo inapata kutu, kutu inavimba na kupasua zege kutoka ndani. Mimi nilipoongeza ukumbi kwangu nililetewa gari mbili jioni, vibarua wamekaa wananingoja. Nikauweka mchanga ulimini, nikausikia chumvi, nikasema potelea mbali, siku isipotee. Mwaka wa tatu plasta ilianza kutoka unga mweupe, nikaibandua ukuta mzima. Uonjeni mchanga kabla gari halijamwaga, na ukiwa na chumvi, lirudi na mzigo wake.

Ukuta mpya umepasuka pale unapokutana na wa zamani. Fundi kaziba, umepasuka tena. (Msomaji, Kwahani)

Na utapasuka tena. Nyumba ya zamani imeshatulia, msingi wake umekaa miaka mingi. Huu mpya bado unashuka, hasa kama ulijengwa juu ya kifusi. Fundi wako kazifunga pamoja kana kwamba zina umri mmoja. Zilitakiwa ziachwe zisimame mbalimbali, na mwanya mwembamba katikati unaofunikwa kwa ubao au kwa kitu laini. Sasa weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha za ufa, uangalie masika yote. Ukitulia, ziba. Ukiendelea mpaka ufunguo wa mlango ukaingia, muite mhandisi achimbe aone msingi.

Nina nyumba Malindi, Mji Mkongwe. Nataka chumba kidogo na tangi la maji juu ya paa, lazima kibali? (Msomaji)

Lazima, kutoka Mamlaka ya Mji Mkongwe, hata kama jirani yako alijenga usiku. Zile kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zinabebwa na boriti za mikoko. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima juu ya boriti ambazo hujui ncha zake zimeoza kiasi gani ndani ya ukuta. Beit al-Ajaib iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, ikiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafariki. Hilo lilikuwa jengo la Sultani. Usipige pia plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Unyevu unakosa pa kutokea na boriti zinaoza kimya kimya.

Fundi kachukua fedha zote kahama. (Wasomaji kadhaa)

Kwa nini mlimpa zote? Lipeni kwa hatua: msingi, lenta (zege la juu ya milango na madirisha), mkanda (zege la juu ya kuta), paa. Na fungu la mwisho libaki mkononi mwako mpaka mvua moja kubwa ipite.

Mwenye duka yuko tayari kunipa saruji na mabati, nimlipe karafuu zikikauka, bei tutaipanga siku hiyo. Sawa? (Msomaji, Wete)

Si sawa, bwana. Mkarafuu ukizaa sana mwaka mmoja, unaofuata huenda ukapumzika, na karafuu iliyo mtini haijawa fedha. Deni lisilo na bei ni mlango wa ugomvi. Kama una kitu cha msimu uliopita, nunua matofali, jenga mpaka lenta, simama hapo. Kama lazima ukope, bei na idadi ya mifuko na mabati viandikwe leo, wewe na yeye na mashahidi wawili. Karafuu uzipeleke mwenyewe ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, na mwenye duka umlipe shilingi.