Unataka kusafiri na kazi, au unataka kuikimbia nyumba?

Barua ya wiki hii imetoka kwa baba mmoja wa Lubumbashi, nami ninaifupisha bila kuibadilisha maana:

«Mama mkubwa, ninakusalimu kwa heshima. Nina miaka 34, nimeoa, nina watoto wawili, na mdogo ana miezi minane. Tunaishi Bel-Air, katika komuni ya Kampemba. Tangu miaka miwili ninaandika programu za kompyuta kwa kampuni moja ya Bruxelles, ninafanyia kazi chumbani, ninalipwa dola 900 kwa mwezi. Sasa ninataka kuzunguka mwaka mzima huku nikifanya kazi: Lusaka, ambako umeme haukatiki, kisha Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi. Rafiki yangu yuko Zanzibar tayari, na anasema maisha ni mazuri. Nyumba inatumia dola 550, lakini nikiwa safarini nitatuma 300, na mke wangu ana duka lake dogo la unga na sabuni. Amekataa kabisa. Mama yake alikuja kumchochea, akauliza mtoto akiugua usiku nani atamshika. Wanaona wivu juu ya maendeleo yangu. Nakuomba umwambie mke wangu kwamba dunia imebadilika.»

Mwanangu, ninakupa pole, kwa sababu ninajua ilivyo vigumu kufungiwa chumbani kutwa nzima huku umeme ukikatika katikati ya kikao na majirani wakidhani kwamba mwanaume asiyetoka asubuhi ni mwanaume asiye na kazi. Pole hiyo ni ya kweli. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimemsikia mke wako akisema ndani yake maneno ambayo wewe hukukusudia kuyaandika.

Tuanze na hesabu uliyoileta mwenyewe. Nyumba yako inakula dola 550, wewe utatuma 300, kwa hiyo zinabaki 250 ambazo hukusema zitatoka wapi, ila katika sentensi hiyo hiyo ukataja duka la unga na sabuni. Maana yake ni kwamba umekwisha kuamua, bila kumwuliza mwenye duka, kwamba faida yake yote, na labda mtaji wake na zamu yake ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, vitajaza pengo lako ili wewe ulipe chumba cha kupanga katika mji mwingine. Mwanamke aliyeiona hesabu hiyo akakataa hana wivu. Anajua kuhesabu.

Kisha ninakuuliza jambo ambalo barua imelipita. Unasema unafanyia kazi chumbani. Je, nani anayewanyamazisha watoto nje ya mlango ule? Nani anayewasha makala ya jiko, anayesonga bukari, yaani ugali, anayewaambia wageni kwamba baba yuko kazini wasimsumbue, kisha anafungua duka akiwa na mtoto mgongoni? Kazi yako ya mbali inasimama juu ya kazi ya karibu ya mtu mwingine, na umeizoea sana hata huioni tena. Ndiyo maana unafikiri kwamba unaweza kuibeba mashini yako tu, ukafika Zanzibar, na kila kitu kikaenda kama kilivyokwenda Bel-Air.

Sisemi kwamba safari za namna hii hazina faida. Zinazo, na ningekuwa mwongo kama ningezificha. Mtu anayeandika programu akikaa miezi mitatu Lusaka au Nairobi atalazimika kusema Kiingereza kila siku, na Kiingereza hicho kitamfungulia wateja wengine, jambo kubwa kwa mtu ambaye leo anategemea kampuni moja tu. Atakutana na wenzake wa ufundi, ataona bei wanazotoza, naye ataacha kukubali mshahara wowote anaotajiwa. Akili iliyochoka kwa kuta nne hupata nguvu mpya ikibadilishiwa mahali. Kijana asiye na mke wala mtoto akiniuliza kama aende, nitamwambia afunge sanduku leo.

Lakini wewe umeyapima mazuri peke yake, tena kwa maneno ya rafiki. Hukuandika kama rafiki huyo ana mke au hana, na ninahisi hukuandika kwa sababu unajua ningeuliza. Unasema Lusaka umeme haukatiki. Mwaka 2024 ukame uliyashusha maji ya ziwa Kariba, ambako Zambia inapata sehemu kubwa ya umeme wake, na nyumba nyingi za Lusaka zikakaa gizani saa nyingi kila siku, hata watu wakawa wanapika usiku wa manane umeme uliporudi. Unaisifu Zanzibar, lakini saa ya Zanzibar iko mbele ya saa yetu ya Lubumbashi kwa saa moja, na wakati wa baridi huko Ulaya iko mbele ya saa ya Bruxelles kwa saa mbili. Wakubwa wako wakifunga kazi saa kumi na moja jioni, kwako itakuwa saa moja usiku, na jua lile ambalo rafiki yako anakutumia picha zake litakuwa limezama ukiwa bado kwenye kikao. Utailipa pwani bila kuiona, isipokuwa siku za mwisho wa juma, kama umeoshewa nguo.

Lipo tena jambo zito ambalo hukuligusa hata kidogo, nalo ni ruhusa. Je, kampuni yako inajua? Mkataba unaosema kwamba unafanya kazi Lubumbashi haukupi haki ya kuihamisha kazi hiyo kutoka nchi moja hadi nyingine kimyakimya, hasa kama unashika habari za wateja wa Ulaya, ambako tangu mwaka 2018 sheria inabana sana namna habari za watu zinavyosafiri. Kwenye mpaka nako, kibali cha mtalii kwa kawaida si kibali cha kazi, hata kama anayekulipa yuko mbali. Na katika nchi nyingi, mgeni anayekaa zaidi ya siku 183 katika mwaka huanza kuhesabiwa kuwa mkazi anayedaiwa kodi. Zipo nchi zilizofungua njia halali kwa watu wa kazi za mbali: Mauritius ilianza mwaka 2020, ikitaka mtu awe na kipato kisichopungua dola 1,500 kwa mwezi, na Namibia ilifuata mwaka 2022, ikitaka 2,000. Ziangalie namba hizo, kisha uangalie 900 yako. Kazi hii moja inalisha watu wanne, nawe unataka kuiweka rehani bila hata kumwandikia mkubwa wako barua. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa nikurudishe nyumbani, katika mji huu ambao ulijengwa na wanaume waliotoka mbali kutafuta kazi. Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906 kuchimba shaba ya Katanga, hapo mwanzo iliwachukua wanaume peke yao kwa mikataba mifupi, na wanaume wale waliugua, walitoroka, walirudi kwao kabla ya kuujua ufundi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha desturi, ikataka mfanyakazi aje na mke wake, ikatoa nyumba kambini na posho kwa mke na kwa kila mtoto. Haikufanya hivyo kwa mapenzi. Ilifanya hivyo kwa sababu daftari zake ziliionyesha kwamba mwanaume aliyetengwa na watu wake hadumu kazini. Wengi wetu katika mji huu ni wajukuu wa uamuzi ule. Wewe leo, kwa hiari yako, unataka kurudi kwenye maisha ambayo babu zako walilazimishwa, tena unayaita maendeleo.

Ninaona jambo hili katika barua nyingi zinazonifikia siku hizi. Vijana wanafunga ndoa, wanatoa mali, wanakula kiapo mbele ya padri au mchungaji, kisha mmoja wao anaanza kuamini kwamba ubaba unaweza kufanywa kwa simu, kwamba pesa ikiingia na sauti ikisikika, basi nyumba ina mtu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtoto wa miezi minane hajui kikao cha video. Anajua harufu ya shingo ya baba yake na kifua anachokilalia homa ikipanda, na mwaka utakaoukosa ndio atakaotambaa, atakaosimama na atakaosema neno la kwanza. Hata sheria yetu iko upande wa mke wako, maana Sheria ya Familia ya mwaka 1987, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka mume na mke waishi pamoja na wachague makazi yao kwa kukubaliana.

Na mama mkwe wako, mwanangu, umemkosea. Umeandika kwamba alikuja kuchochea, lakini kitu pekee ulichonukuu kutoka kinywani mwake ni swali: mtoto akiugua usiku, nani atamshika? Mchochezi haulizi hivyo. Huyo ni bibi wa mtoto aliyekwisha kukaa macho usiku mwingi, na mpaka mwisho wa barua yako hukumjibu. Nenda kwake na mke wako Jumapili, umpelekee kitu mkononi, umwombe radhi.

Hukumu yangu ni kwamba hutaondoka peke yako kwa mwaka mzima, na mke wako amekataa kwa haki. Kama kinachokuua ni chumba, tafuta meza ya kufanyia kazi mjini, mahali penye jenereta na mtandao mzuri, utoke asubuhi kama wanaume wengine na urudi jioni ubebe mtoto. Kama kweli ni safari unayoitaka, iandikie kampuni yako, uombe ruhusa ya wiki tatu kwa maandishi, na uulize kwenye ofisi ya uhamiaji ya Zambia ni kibali gani kinachokufaa. Ngojea likizo kubwa ya Julai na Agosti, wakati wa kiangazi ambapo mtoto wenu mkubwa hana shule, mvuke mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa wote wanne, mpange nyumba Ndola au Lusaka. Duka litashikwa na mtu ambaye mke wako atamchagua, na mshahara wa mtu huyo utatoka katika dola zako. Hapo utajua kazi yako inasafiri namna gani watoto wakiwa kando, na mke wako atajua kama anaipenda njia au anaichukia, kwa sababu mpaka leo hakuna aliyemwuliza kama yeye naye angependa kuona Zanzibar.

Mwulize leo usiku, watoto wakilala. Kisha uniandikie tena, lakini barua hiyo nataka iandikwe kwa mwandiko wake, nawe utie sahihi chini.